Gari Inakosa Masi

Hasira ya Marie-Louise ilianzia kwenye rangi. Kabla ya simu kutoka Mugunga, ilikuwa tayari imemukaa kooni, kwa sababu shemeki wake Kakule alichukua kamioneti ya marehemu ndugu yake, akaipeleka kwa mupakaji wa barabarani, akairudisha ikiwa ya buluu.

Cyprien, marehemu mume wa Marie-Louise, aliiacha nyeupe. Ilikuwa nyeupe yenye michubuko mingi, na kila muchubuko ulikuwa na habari yake: huu wa gunia za viazi, ule wa mbuzi wa Masisi aliyekataa kupanda. Kakule hakuuliza mutu. Alisema kuna mununuzi Bunagana, na mununuzi hanunui kitu kinachofanana na maiti. Marie-Louise alimujibu kwamba gari ya mujane haipakwi rangi mujane akiwa hajui. Kakule akacheka, akamuambia mambo ya gari awaachie wanaume, yeye aendelee na rozari yake. Aliambiwa hivyo yeye aliyefundishwa kuendesha na Cyprien mwenyewe, aliyeshusha kabichi milimani kwa gari ile ile wakati Cyprien amelala na malaria.

Tangu siku hiyo gari ikawa na kiburi. Leo inawaka, kesho inakataa. Kakule akasema ni uzee.

Basi asubuhi ile Marie-Louise alitoka Misa akiwa na haraka. Mizinga ya upande wa Sake ilisikika hata ndani ya kanisa, na padri alilazimika kupandisha sauti wakati wa Injili. Watu walisali huku wanatazama mulango. Alikuwa hajavua kitenge cha mabegani alipofika nyumbani kwake Katoyi, mujini Goma, simu ikalia. Alikuwa Nizeyimana, jirani ya mama yake kule Sake.

Nizeyimana alizungumza kama mutu anayekimbia, na kweli alikuwa ametoka kukimbia. Walihama Sake kabla jua halijatoka. Yeye alimulaza huyo mama yake Marie-Louise, Mukamugema, juu ya tshukudu yake, ile baiskeli kubwa ya mbao ambayo kwa kawaida hubebea makaa, akamusukuma hadi Mugunga na watoto wake wakifuata nyuma. Sasa huyo muzee alikuwa amekaa kwenye mulango wa shapeli, paja lake lililovunjika halijaunga, hawezi kutembea na hawezi kupanda piki-piki. Na watu wa kambi ya wakimbizi ya pale wenyewe walikuwa wanakunja mahema yao.

"Kuja sasa, mama," alisema Nizeyimana. "Miye nitakungojea. Lakini vita haviningojei miye."

Marie-Louise aliingia kwenye gari, akatia ufunguo, akageuza kontakti. Chini ya kapo, kile kifuniko cha moteri, kitu kikasema *tak*, mara moja tu, kama ulimi wa mutu anayedharau. Taa ndogo mbele yake ziliwaka, zikafifia, zikarudi. Akageuza tena. *Tak.* Akapiga usukani kwa ngumi, na hata honi ilitoa sauti ya mbuzi mugonjwa.

Alimutuma mutu amuite Hilaire.

Hilaire alikuwa fundi wa gari, anakaa nyuma ya ukuta wa mawe ya volkano unaotenga viwanja vyao. Fundi muzuri, mutu mwenye tumbo na maneno mengi. Zamani alikuwa wa parokia, aliimba besi katika kwaya, kisha akahamia kanisa la uamsho lililojengwa kwa mabati pale chini, na tangu hapo hakuacha kumutania Marie-Louise. Goma wengi wanaposema Misa wanachanganya na Kifaransa, wanaiita *mese*. Hilaire alikuwa amemubatiza jina: Mama Mese. Kila asubuhi akimuona anapita na kitabu chake cha nyimbo anauliza kwa sauti ya kusikika njia nzima: "Mama Mese, na leo umetuombea, ao umejiombea peke yako?" Marie-Louise alikuwa anamezea. Alimezea kwa miaka.

Siku hiyo Hilaire hakutania. Muke wake alikuwa amekwisha kuanza kufunga vitu. Alifungua kapo, akatoa mufukoni ampuli ya taa iliyofungwa waya mbili, akazigusisha kwenye vichwa viwili vya batri. Ampuli ikawaka nyeupe, ya kuumiza macho. Akasema batri ni nzima. Kisha akaacha waya moja kwenye kichwa cha batri, ile ingine akaigusisha kwenye chuma cha gari, pale mupakaji alipokuwa hajafika vizuri. Ampuli ikawa nyekundu, hafifu, kama makaa yanayotaka kuzimika. Akamuomba Marie-Louise ageuze kontakti. *Tak.* Na ule wekundu nao ukapotea.

Marie-Louise alikuwa anatazama yote hayo kutoka kitini kupitia mwanya wa kapo. Ni mutu anayetazama. Lakini mizinga ilikuwa inalia, majirani wanaitana, mutoto mumoja njiani analilia kiatu chake, na kichwa cha Hilaire kilikuwa kimezama ndani ya gari.

"Nimeona," Hilaire alisema kutoka humo ndani. "Hii gari inakosa masi."

Marie-Louise akasikia *mese*.

Alimuuliza amesema nini. Hilaire, ambaye mikono yake ilikuwa inavuta kitu kigumu na sauti yake inatoka kwa kubanwa, akajibu: "Inakosa masi, mama. Mupakaji ameiharibu. Bila masi haitawaka, hata uiombee siku nzima."

Hapo mambo yaliharibika. Mama yake amekaa kwenye mulango wa shapeli na muguu uliovunjika, Sake inaungua, na huyu mutu wa ngoma na vipaza sauti anapata nafasi ya kuchekelea sala yake. Marie-Louise alishuka kwenye gari. Majirani walisema baadaye kwamba hawakujua ana sauti ile. Alimuambia Hilaire kwamba Misa haijamukosesha mutu kitu, kwamba gari ilikuwa inawaka vizuri wakati yeye Hilaire bado anaipokea Ekaristi, na kwamba aliyeuza ubatizo wake kwa kipaza sauti asimufundishe kuomba. Hilaire alitoa kichwa chini ya kapo, mudomo wazi, akajaribu kusema "Lakini mama, masi ni," na neno hilo kwa mara nyingine likawa kama mafuta ya taa juu ya moto. Marie-Louise akashika mufuko wa vyombo, akaurusha juu ya ukuta. Kle, zile spana zake, zilisikika zikimwagika kwenye mawe upande wa pili.

Hilaire alijipangusa mikono kwenye suruali, taratibu. Alisema neno moja tu: "Sawa." Akaondoka, na ampuli yake akaiacha ikining'inia kwenye batri.

Kakule alifika muda mufupi baadaye. Marie-Louise hakumuambia yaliyotokea. Alimuambia tu kwamba gari haiwaki na mama yuko Mugunga. Kakule aligeuza kontakti mwenyewe, kana kwamba gari ilikuwa inangoja mukono wa mwanaume. *Tak.* Akasema batri imekufa. Alikwenda kwa Ntirenganya, muuza unga wa jirani mwenye batri ya kuchajia simu za watu, akarudi nayo ameikumbatia kifuani. Wakaifunga. *Tak.* Basi ni demareri, akasema, ile mashine ndogo inayozungusha moteri. Akalala chini ya gari na nyundo akaanza kuipiga, *ko, ko, ko*, huku anamuambia Marie-Louise ageuze, ageuze tena. Marie-Louise aligeuza hadi kidole kikapata alama ya ufunguo. Kusukuma hawakuweza: uwanja wenyewe ni shimo katikati ya mawe ya volkano, gari inatoka kwa kupanda, na wanaume wa kusukuma walikuwa wanasukuma mizigo yao.

Kakule alitoka chini na vumbi mugongoni. Akasema demareri imekwisha, watafute ingine mujini. Marie-Louise akamuuliza ni duka gani lililofunguliwa leo. Kakule akasema yeye siye aliyeleta vita.

Simu ikalia tena. Nizeyimana alisema bomu limeanguka nyuma ya kambi, watu wote wanatoka, muzee anauliza binti yake yuko wapi. Marie-Louise alijibu vile wanavyojibu wote wenye simu: "Niko njiani." Akakata. Akabaki amesimama kwenye uwanja wake mwenyewe, hajasogea hata hatua, na uongo huo ukamuungua kuliko vyote. Alikuwa na hasira na Kakule, na Hilaire, na wenye mizinga ambao hakuwahi kuwaona sura, na gari, na yeye mwenyewe. Alitaka kusali, akaanza Salamu Maria, akafika kwenye "sasa" akasimama, kwa sababu *sasa* ndiyo iliyokuwa inamukimbia.

Macho yake yakaangukia ampuli ya Hilaire.

Aliiona tena vile ilivyowaka nyeupe hapa na nyekundu pale. Hakuna aliyekuwa amemueleza, lakini alikuwa ameona kwa macho yake. Akashika zile waya mbili, akafanya kama Hilaire. Kwenye batri, nyeupe. Kwenye chuma cha gari, makaa. Akarudia. Batri ya Ntirenganya ilikuwa na nguvu ile ile, kwa hiyo nguvu ilikuwepo. Ilikuwa inakwama mahali, kama maji katika mupira uliokanyagwa. Alimuita Kakule aone. Kakule alisema ampuli ni ya zamani.

Marie-Louise alizunguka ukuta.

Kwa Hilaire walikuwa wamefika kwenye godoro. Hilaire analikunja, muke wake Bénie analikalia ili lisifunguke, kamba mudomoni. Hilaire alipomuona alirudisha macho kwenye godoro.

"Umekuja kunimalizia?"

"Ampuli inawaka kwa batri," alisema Marie-Louise. "Kwa bodi haiwaki vizuri. Ni juu ya sababu gani?"

"Nilikuambia juu ya nini. Masi."

"Hilaire. Usirudilie hiyo neno mbele yangu."

Hilaire aliacha kamba. Alimutazama kama mutu anayetazama injini iliyotoa sauti asiyoijua. Bénie ndiye aliyeelewa wa kwanza, alitoa kamba mudomoni, akasema polepole: "Ee baba ya watoto. Huyu mama anasikia *mese*."

Kisha Bénie akacheka, kicheko cha mutu asiye na usingizi, akafunika mudomo kwa kiganja. Hilaire hakucheka. Alieleza kwa maneno makavu, mafupi, bila kumuangalia. Mafundi waliojifunza kwa Kifaransa wanaita *masi* ile waya nyeusi ya batri inayofungwa kwenye chuma cha gari. Nguvu inatoka kwa nyekundu, inafanya kazi, inarudia kwa nyeusi kupitia chuma. Ikikosa kurudi, haitoki. Mupakaji aliifungua, akapaka rangi chini yake, akaifunga tena juu ya rangi. Rangi haipitishi. Taa ndogo zinajifinya zinapita. Demareri inataka nyingi, haipati.

"Nilikuwa nakuambia mupakaji ameiharibu," alisema. "Ulinitupia kle zangu kwa mawe."

Marie-Louise alisikia uso wake unapata moto. Alitaka kusema nisamehe, na neno likatoka kama amri. Hilaire alilipokea vile vile, kwa kichwa. Alimuambia hatarudi mu ile parsele, kile kiwanja chake, alitukaniwa pale mbele ya watu na mbele ya Mungu wake, tena watoto wake wanamungoja. Lakini aliinama, akachagua kle moja kati ya zile alizokwisha kuokota, akamupa.

"Fungua ile bulo inayoshika waya. Kwangua rangi mupaka uone chuma kinang'aa kama sahani. Kwangua na ile kichwa ya waya. Kaza kabisa. Na usizime moteri mupaka umefika nyumbani."

Alirudi anakimbia, mujane wa umri wake, kle mukononi. Alipitia jikoni, akachukua kisu cha kumenyea viazi. Kakule alikuwa ameegemea gari anazungumza kwenye simu, anamutuliza mununuzi wa Bunagana kwamba gari iko salama, hakuna risasi iliyoigusa. Marie-Louise aliinama chini ya kapo, akaipata waya nyeusi, akafuata hadi mwisho wake. Bulo ilikataa, kisha ikakubali. Chini yake chuma kilikuwa cha buluu, buluu safi, nzito, kama ukucha uliopakwa na msichana wa harusi.

Akaanza kukwangua. Vumbi la buluu likamuangukia kwenye vidole.

Kakule alikata simu na kumushika mukono. Alimuambia amepata wazimu, anaharibu kazi aliyoigharamia yeye, mununuzi akifungua kapo ataona, atapunguza bei, na kwa nini asikwangue kwa adabu, kidogo, pembeni. Aliposema *pembeni*, kitu cha mbali kililipuka na mabati ya nyumba yakatetemeka.

Marie-Louise hakuinua sauti. Sauti ilikuwa imekwisha kwa Hilaire.

"Kakule, toa mukono. Mama yangu iko kwa barabara na muguu moja. Hii kisu haijachagua bado kitu gani itakwangua."

Kakule alitoa mukono. Alirudi nyuma hadi kwenye ukuta na kubaki hapo.

Marie-Louise alikwangua hadi chuma kikacheka. Akakwangua kichwa cha waya pia, kilichokuwa na ukoko wa kijani. Akafunga, akakaza kwa uzito wa mwili wote, kle ikamuteleza na kumuchuna vidole, akakaza tena. Aliingia kwenye gari bila kusali. Aligeuza.

Demareri haikusema *tak*. Ilinguruma kwa nguvu hata gari nzima ikayumba, moteri ikashika, moshi mweusi ukaufunika ukuta na Kakule akiwemo.

Barabara ya Sake ilikuwa imegeuka mutu mumoja mwenye vichwa elfu, anayekuja mujini. Marie-Louise alikuwa peke yake anayekwenda. Mutaa wa Ndosho aliupita kwa kubembeleza, wa Keshero kwa honi, honi ambayo sasa ilikuwa na sauti ya kweli. Watu walimuonyesha kwa mikono kwamba amekosea upande. Akina mama wenye sufuria kichwani, cherehani juu ya tshukudu, mbuzi, msalaba wa ukutani umefungwa pamoja na jerikani. Mwanaume mumoja aligonga kapo kwa kiganja, akamuuliza kama anakwenda kuzika. Marie-Louise alikuwa anatafuta shapeli mbele, kwa hiyo kidogo apite bila kuwaona.

Walikuwa wamekwisha kuacha shapeli. Walikuwa kwenye mupando mdogo kabla ya Mugunga, pembeni kabisa, karibu na mutaro: Nizeyimana amejikunja juu ya tshukudu kama mutu anayesukuma nyumba, na juu yake, amefungwa kwa kitenge ili asianguke, mama yake Marie-Louise. Watoto wawili wa Nizeyimana walikuwa wameshika nyuma. Hawakuwa na muzigo wowote. Godoro, sufuria, gunia la maharagwe, vyote ambavyo tshukudu ilipaswa kuvitoa Sake, havikuwepo. Walichotoa ni mama ya mutu mwingine.

Marie-Louise alisimamisha gari, moteri ikiwaka, akashuka. Alikuwa amekuja na maneno mengi ya hasira kwa ajili ya njia nzima, na akakuta hakuna mutu wa kumupa.

Mama Mukamugema alikuwa na midomo myeupe ya vumbi. Alisema, kwa Kinyarwanda kisha kwa Kiswahili ili na wapita njia wasikie: "Umekawia."

"Nimekawia, mama."

"Huyu ametaka kuniacha mara mbili. Nikamuambia uniache. Hakuniacha."

Nizeyimana alipoachilia mikono ya tshukudu, vidole vyake vilibaki vimekunjwa vile vile, na ngozi ya viganja ilibaki kwenye mbao. Marie-Louise aliiona. Alijua ni saa gani iliyofanya vile: saa ya kelele uwanjani, ya kle zilizoruka ukuta, ya batri ya Ntirenganya na nyundo, saa ambayo gari ingekuwa imefika na kurudi. Hakumueleza. Angemueleza nini, kwamba alisikia neno vibaya?

Walimuinua mama pamoja, yeye miguuni na Nizeyimana mabegani. Aliuma kitenge asilie, wakamuweka kwenye kiti cha mbele. Watoto walipanda nyuma, tshukudu ikafuata, Nizeyimana akafuata tshukudu. Marie-Louise alikuwa anataka kufunga mulango wa nyuma mwanamuke mumoja alipofika na pacha wawili, mumoja mbele mumoja mugongoni, akashika ubao bila kuuliza. Nyuma yake kulikuwa na muzee wa fimbo. Nyuma ya muzee, wengine walikuwa wamekwisha kuiona gari.

Alitazama magurudumu. Aliisikia moteri inazunguka, akaomba kwa mara ya kwanza tangu Salamu Maria iliyomukatikia, sala fupi kabisa, kwamba isizime.

"Pandeni," akasema. "Pandeni upesi, na mutu asiguse mayatima wa huyu baba," kwa sababu aliwaona watoto wa Nizeyimana wanasukumwa pembeni na ulimi ukateleza, akawaita mayatima, baba yao akiwa hai mbele yake.

Nizeyimana alicheka. Ilikuwa sauti ndogo, kavu, lakini alicheka, akawavuta watoto wake magotini kwa viganja vile visivyofunguka, na akasogea ili muzee wa fimbo apate mahali.

Marie-Louise alirudi kwenye usukani. Mama yake alimuambia aendeshe polepole, mawe yanamuumiza. Aliendesha polepole.